Ratili ya pipi, na rubli 500 "za pipi"

Msomaji mmoja, mwalimu wa sekondari, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu cha kusoma kimemaliza *Watu Maskini*, ile riwaya ya Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, iliyoandikwa kwa barua tupu, na tumegombana. Wenzangu wanasema Varenka alimla yule mzee Makar mpaka akabaki na viatu vilivyotoboka, kisha alipotokea tajiri akafunga mizigo. Moyo wangu unakataa, ila kila nikitaka kumtetea nakosa pa kushika. Je, alimpenda au hakumpenda? Na Makar alimpenda kama baba au kama mwanamume? La mwisho, kwa nini mtu mwenye shida zote zile amalize barua nzima akigombeza kitabu cha hadithi? Naomba unijibu kwa urefu, nitawasomea."

Marahaba mwanangu, na salamu kwa kikundi chote. Maswali yako ni matatu lakini naona yana shina moja. Nitaanzia kwenye pesa, kwa sababu wanaosema Varenka alimla mzee wanazungumzia pesa. Basi tuzihesabu. Dostoevsky mwenyewe alizihesabu kopeki kwa kopeki, na ukizipita haraka unakosa nusu ya kitabu.

Tukumbushane kidogo kwanza. Kitabu kilitoka Petersburg Januari 1846, ndani ya mkusanyo wa mshairi Nikolai Nekrasov, mwandishi akiwa na miaka 24. Makar Devushkin ni karani wa kunakili, umri wake kama miaka 47. Alianza kazi akiwa na miaka 17, na tangu hapo ananakili nyaraka za ofisi kwa mwandiko mzuri. Varvara Dobroselova, yaani Varenka, ni binti yatima, ndugu yake wa mbali, anayeishi kwa kushona akiwa na mama mmoja mtu mzima aitwaye Fedora. Madirisha yao yanatazamana, katikati kuna ua. Barua zinaanza tarehe 8 Aprili na kwenda hadi 30 Septemba, kisha inabaki moja ya Makar isiyo na tarehe. Kama kuna aliyeuliza kwenye kikundi chenu watu wanaoonana dirishani wanaandikiana za nini, jibu ni midomo ya majirani. Mwanamume wa makamo akivuka ua kila mara kwenda chumbani kwa msichana, nyumba nzima itakuwa na la kusema. Makar anaiogopa midomo hiyo kuliko njaa.

Sasa twende kwenye barua ya kwanza. Makar anaeleza makazi yake mapya kwa furaha. Anaanza kwa kusema anaishi jikoni, kisha anajisahihisha: hapana, pembeni ya jiko kuna chumba. Halafu anajisahihisha tena: jiko ni kubwa, lina madirisha matatu, basi kando ya ukuta mmoja wameweka kizuizi cha mbao, ikapatikana kama nafasi ya ziada. Ukimaliza aya umerudi palepale: mzee analala jikoni. Barua nyingine ya mwezi uleule inataja hewa ya nyumba ile. Vindege vya kufugwa havidumu humo. Mpangaji mmoja sasa ananunua wa tano.

Kodi yake ni rubli 7 za noti, na chakula ni rubli 5 za fedha. Hapa wasomaji wengi hupotea, kwa hiyo niseme: siku zile Urusi ilikuwa na hesabu mbili za pesa, na rubli moja ya fedha ilikuwa sawa na rubli tatu na nusu za noti. Tano za fedha ni kumi na saba na nusu za noti. Ongeza saba, unapata ishirini na nne na nusu, na ndivyo hasa Makar anavyojumlisha. Zamani alikuwa akilipa 30. Kwa hiyo kuhamia jikoni kumempa nafuu ya rubli tano na nusu kwa mwezi. Yeye anasema nafuu hiyo ni ya chai na sukari. Na chai yenyewe, anakiri bila kuulizwa, anakunywa kwa ajili ya watu wengine, kwa sababu nyumbani pale kila mtu anakunywa na kutokunywa ni aibu.

Lakini angalia nini kingine kinavuka ua mwezi huo. Vyungu vya maua, mabalsamu na jeraniamu. Ratili nzima ya pipi. Varenka anafurahi, anaiweka jeraniamu katikati ya dirisha, kisha anamgombeza: maua haya yamegharimu kiasi gani, na pipi za nini? Hiyo ni Aprili, barua za mwanzo kabisa, na tayari binti anakataa. Waambie wenzako waisome tena hapo.

Makar anamtuliza vipi? Anamwambia ana akiba aliyoiweka kwa ajili ya dharura. Huo ni uongo, na ndio uongo mkubwa kuliko wote kitabuni. Varenka anaupokea kwa imani mpaka mwishoni mwa Julai, ndipo anapojua ukweli: hakuna akiba yoyote, Makar alikuwa akichukua mshahara kabla ya tarehe, na Varenka alipougua aliuza hata nguo zake. Barua anayomwandikia baada ya kujua hilo ni barua ya mtu aliyeumia sana. Ameona kwamba kila alichokula kwa furaha kilikatwa mwilini mwa mtu anayemjali kuliko wote. Tangu hapo mkondo unageuka. Sasa Varenka ndiye anayetuma vijisenti kuvusha ua, Makar anunue tumbaku, naye binti anashona usiku ili avipate.

Basi kwenye daftari la hesabu hoja ya kwamba alimla haisimami. Alilishwa bila kujua bei, na alipoijua alianza kulipa.

Nakupa ushahidi mwingine wa tabia yake, unatoka kwenye daftari la kumbukumbu analompa Makar asome. Varenka alipokuwa bado msichana mdogo alimpenda mwanafunzi Pokrovsky, aliyekuwa amepanga nyumba ileile. Siku ya kuzaliwa ya kijana huyo ilipokaribia, Varenka alitaka kumnunulia maandiko yote ya mshairi Pushkin, juzuu 11. Alikuwa na akiba yake ya rubli 30, zikapungua mbili na nusu. Pale kwenye meza za vitabu akamkuta mzee Pokrovsky, baba wa kijana, mlevi aliyechakaa, anayemwogopa na kumheshimu mwanawe mpaka anatetemeka. Mzee alikuwa akitafuta zawadi anayoiweza na haipati. Akajazia zile mbili na nusu. Na Varenka, ambaye kitu kizima ni chake, akamwambia: mpe wewe, mpe vitabu vyote, iwe zawadi yako.

Simama hapo kidogo. Msichana yule aliiona aibu ya mzee kabla mzee hajaisema, akaifunika kwa vitabu vyake mwenyewe. Katika Kiswahili tuna neno la jambo hili, nalo ni kusitiri. Alimsitiri. Kijana baadaye alikufa kwa kifua kikuu, na siku ya mazishi yule mzee alikimbia nyuma ya mkokoteni wenye jeneza, mvua inanyesha, kichwa wazi, vitabu vya mwanawe vikimponyoka mifukoni na kuanguka kwenye tope, anasimama kuviokota na kukimbia tena. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado huwa naweka kitabu chini.

Nimelileta neno sitara kwa sababu naamini ndilo linalofungua riwaya nzima, na sisi tunalo mkononi. Wengi huuita huu mgogoro wa njaa. Njaa ipo, lakini kinachomtesa Makar usiku ni kuonekana. Chai ni sitara. Koti, hata likiwa limeisha, ni sitara. Soli ya kiatu ikibanduka, kidole kinachochungulia si baridi tu, ni watu wa ofisini wamekiona. Tarehe 1 Agosti anaandika barua ambayo ningependa kila mmoja wenu aisome mara mbili. Anasema maskini ana wasiwasi, anasikiliza kila neno, anatazama kila anayepita, anajiuliza kama wanamsema yeye. Anasema watu humtaka maskini awe amepinduliwa ndani nje, asiwe na kitu chochote cha siri wala cha heshima. Kisha anamwambia Varenka jambo zito: maskini ana haya ileile aliyo nayo mwanamwali. Kama wewe usivyoweza kujivua nguo mbele ya watu, ndivyo maskini asivyopenda watu wachungulie kibandani mwake.

Sasa litazame jina lake. Devushkin linatokana na neno la Kirusi la msichana, *devushka*. Mwandishi amempa karani wa miaka 47 jina la mwanamwali, na mpaka hapo tulidhani ni jina tu. Umaskini wake na usichana wa Varenka ni jambo moja: wote wawili ni watu ambao mwenye nguvu anaweza kuwavua wakati wowote anaotaka.

Ukishashika hilo, swali lako la tatu linajijibu lenyewe. Varenka alimpa asome hadithi ya Gogol iitwayo "Koti". (Wengi wetu tulimjua Gogol shuleni kupitia *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*, ni mwandishi huyohuyo.) "Koti", ya mwaka 1842, inamhusu karani wa kunakili kama Makar, Akaky Akakievich, ambaye anajinyima ashone koti jipya, analivaa, linaibiwa usiku, anaomba msaada kwa mkubwa, anakaripiwa, anakufa. Siku chache kabla, Makar alikuwa amesoma hadithi ya Pushkin ya mkuu wa kituo cha posta ambaye binti yake alichukuliwa na afisa, naye akafa kwa pombe na huzuni. Hiyo aliipenda, aliililia. Ila "Koti" ilimpandisha hasira: nani amemruhusu mtu huyu kuchungulia mpaka kwenye soli zangu? Tarehe 8 Julai anaandika kwamba sasa hataweza hata kutembea barabarani, kwa kuwa kila kitu kimeandikwa, watamtambua kwa mwendo wake. Tuna methali isemayo aibu ya maiti aijuaye mwosha. Malalamiko ya Makar ni kwamba mwosha ametoka nje na kutangaza.

Anasema hata namna ambayo hadithi ingepaswa kuisha: koti lipatikane, mkubwa amwite karani, ampandishe cheo. Wasomaji hutabasamu hapo na kupita. Lakini tarehe 9 Septemba Dostoevsky anampa mwisho huohuo alioutaka. Makar ameruka mstari mzima katika kunakili waraka wa haraka. Anaitwa mbele ya Mheshimiwa, mkuu wa ofisi yao. Anaingia, anajiona kwenye kioo, na kifungo kilichokuwa kikining'inia kwa uzi kwenye koti lake la kazi kinakatika, kinadunda, kinabiringika mpaka miguuni pa Mheshimiwa. Anakifukuza sakafuni, anakiokota, anajaribu kukibandika tena mahali pake kana kwamba kitashika. Mheshimiwa anamtazama viatu, nguo, uso. Wengine wakishatoka, anampa noti ya rubli 100 na kumshika mkono.

Makar anagawa pesa zile mara moja: 45 kwa Varenka, 20 kwa mwenye nyumba, 35 zinabaki kwake kwa nguo na kujikimu. Kisha anaapa kwamba rubli 100 hazikumgusa kama ule mkono. Mtu mkubwa alimwona uchi wa umaskini wake wote na hakucheka. Gogol alimnyima karani wake hilo. Dostoevsky, kijana wa miaka ishirini na kitu, alimpa wa kwake. Nekrasov na mwandishi Grigorovich waliposoma muswada huu Mei 1845 walikesha nao, wakaenda kumgongea Dostoevsky saa kumi alfajiri, katika zile siku za usiku mweupe wa Petersburg usio na giza, wamkumbatie. Nekrasov akampelekea mhakiki Belinsky na kumwambia Gogol mpya amezaliwa. Kwa maoni yangu hapo alikosea kidogo. Aliyezaliwa ni mtu aliyemsikiliza Gogol mpaka mwisho, kisha akampa karani kalamu aseme mwenyewe.

Sasa turudi kwa Varenka na yule tajiri. Jina Bykov linatokana na *byk*, fahali, na anaingia hivyo hivyo. Huyu ndiye mtu aliyemharibia Varenka jina alipokuwa yatima katika nyumba ya jamaa yake, Anna Fyodorovna. Mwandishi hasimulii lililotokea, anaacha tulione kwenye woga wa msichana kila jina lile linapotajwa. Tarehe 23 Septemba Varenka anaandika kwamba Bykov amekuja kuposa. Anataka mtoto halali ili mpwa wake asirithi. Anamwambia akikataa ataenda Moscow kuoa mwanamke wa tabaka la wafanyabiashara. Na anasema ni wajibu wake kumrudishia heshima.

Kuna mambo mawili ya pesa katika barua hiyo ambayo nadhani wenzako waliyapita. La kwanza: Varenka anamweleza Bykov mema aliyotendewa na Makar, na Bykov anauliza kama rubli 500 zitatosha kumlipa. Varenka anamjibu kwamba alichofanya Makar hakilipiki kwa pesa yoyote. Bykov anasema huo ni upuuzi wa riwaya, vitabu vinaharibu wasichana. La pili: wakati wa kuondoka anamwachia Varenka kwa nguvu rubli 500 na kusema ni za pipi.

Za pipi. Aprili mzee wa jikoni alileta ratili moja ya pipi, akaificha bei yake. Septemba anakuja mtu na kutupa mezani rubli 500, neno likiwa lile lile. Noti ya Mheshimiwa, ile iliyomfanya Makar alie, inaingia humo mara tano. Dostoevsky hasemi kitu juu ya hilo. Anaziacha pipi zote mbili zikae kitabuni, na yeyote atakayezikumbuka azione.

Sasa sababu ya Varenka kukubali, kwa maneno yake mwenyewe, nayo ni sentensi moja ninayoomba uisome kwa sauti mbele ya kikundi: kama kuna mtu anayeweza kumwondolea aibu yake, kumrudishia jina jema, kumkinga na ufukara na taabu za mbele, ni yeye peke yake, Bykov. Iangalie vizuri. Kwetu mzazi huozesha binti akasema "nimemsitiri", na kila mtu akaelewa. Makar aliweza kumsitiri kwa maua, kwa pipi, kwa nguo alizouza. Lakini lile vazi moja ambalo ulimwengu wa Petersburg ulimdai msichana yule, yaani jina safi, alikuwa nalo mtu mmoja tu: yule yule aliyemvua. Huo ndio uchungu wa kitabu hiki kama ninavyousoma. Hamwendei Bykov kwa kumchoka Makar wala kwa tamaa ya lesi. Anaandika wazi kwamba hatarajii furaha, anajua Bykov ni mtu mkali, na afya yake mwenyewe imekwisha. Tena, akibaki, mzee ataendelea kujikata vipande ili amlishe, na sasa anajua.

Nisimfanye Makar malaika lakini, maana mwandishi hakumfanya. Mwisho wa Juni Varenka alipata fununu ya kazi ya kulea na kufundisha watoto katika nyumba ya watu. Ingekuwa mkate wake mwenyewe. Makar akamzuia. Sababu zake zilikuwa za huruma kwanza, wewe ni mgonjwa, watu wa mbali ni wakali, kisha akatoa ile ya kweli: nitafanya nini bila wewe? Hapo upendo wake ulimfungia mlango mmoja, na baada ya miezi mitatu mlango uliobaki wazi ukawa wa Bykov. Sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kuliona hilo. Mimi nililiona mara ya pili niliposoma, na lilinibadilishia kitabu.

Kuhusu kama Makar alimpenda kama baba au kama mwanamume: barua ya kwanza ina furaha ya mchumba. Ananukuu mashairi, anatamani kuwa ndege. Varenka anamtania kidogo kwamba barua ilikosa ubeti tu, na mara moja mzee anarudi nyuma, anaandika kwamba ni mapenzi ya baba, ya baba tu, safi. Sioni kwamba anadanganya. Anajifunika. Mtu aliyekatazwa na umri, viatu na mshahara kusema neno fulani amechukua neno la jirani yake, na kwa miezi yote ile amelivaa kwa uaminifu. Katika barua ya mwisho yote mawili yanatoka kwa pamoja: alimpenda kama nuru ya Mungu, alimpenda kama binti yake wa kumzaa.

Kuna neno moja ambalo tafsiri ya Kiingereza mliyosoma huenda imewachanganya. Makar anamwita Varenka *matochka* karibu kila aya, neno lenye "mama" ndani yake, lililofanywa dogo kwa upendo. Nilipolisoma kwa Kirusi mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, kamusi ilinipa maelezo marefu ambayo sikuyahitaji. Baba yangu alimwita dada yangu mdogo "mama" siku zote: mama umekula, mama lete maji. Sisi hatuhitaji maelezo hapo.

Linabaki moja, nalo ndilo pa kushika ulipokuwa unapatafuta. Rudi tena barua ya kwanza. Makar ameona kona ya pazia la Varenka imenaswa kwenye chungu cha balsamu, moyo wake umeruka: ni ishara! Anapanga lugha nzima. Pazia likishuka, ni kwamba Makar naye akalale. Likipanda, umeamkaje, umelalaje? Varenka anajibu kwamba hakufikiria pazia hata kidogo, lilinaswa lenyewe alipokuwa akisogeza vyungu. Huyo ndiye Makar wa Aprili, anasoma ujumbe ambao haukuandikwa.

Siku za mwisho za Septemba, Varenka akiwa hayupo, mzee anaingia chumbani kwake kuagana nacho. Anaona fremu ya kutarizi, kazi haijaisha. Anaona barua yake moja imefanywa ya kuzungushia uzi. (Kama mmoja wenu alitumia hiyo kama ushahidi dhidi ya Varenka, namwelewa, inachoma, lakini karatasi nzuri katika chumba cha mshonaji maskini haitupwi.) Kwenye meza ndogo anakuta karatasi yenye mstari mmoja: mheshimiwa bwana Makar Alekseevich, naharakisha. Basi. Barua iliyoanzwa ikakatika.

Katika kuaga kwake, tarehe 30, Varenka anamwachia kitabu, ile fremu, na hiyo barua iliyoanzwa. Anamwambia kila atakapoitazama mistari ile aendelee kuisoma kwa mawazo, asome yote ambayo angependa kuyasikia kutoka kwake. Aprili alimcheka kwa kusoma pazia. Sasa anampa karatasi tupu kwa mkono wake mwenyewe na kumruhusu aijaze. Mwanamke aliyemtumia mtu hana haja ya kumwachia kitu kama hicho, na mwanamke aliyempenda katika hali ile hakuwa na kingine cha kuacha.

Naye Makar anaamua kuhamia chumba hicho, kwa Fedora. Atalala pale Varenka alipokuwa akishona, na dirisha litakalokuwa mbele yake, upande wa pili wa ua, ni la jikoni alimokuwa akiishi.